Damu Iliyokosa Hewa: Historia ya Selimundu katika Nchi za Ziwa

Msafiri atokaye pwani kuelekea magharibi ya Ziwa Viktoria, akipita Mwanza na Geita, akavuka misitu ya Biharamulo na hatimaye kukwea vilima vya Ngara vinavyotazamana na Rwanda na Burundi, huwa amepanda pasipo kujitambua. Maana uso wa Ziwa lenyewe uko mita 1,134 juu ya bahari, na miinuko ya Ngara imepita mahali pengi mita 1,500, na katika kimo hicho kanieneo ya hewa imepungua kadiri ya sehemu moja katika sita kuliko ile ya Tanga au ya Unguja. Mwenyeji wa Nyarubungo, kata mojawapo ya Biharamulo, aliyezaliwa na kukulia katika nchi hizo, hauoni upungufu huo wala haujali. Hulima, hubeba mikungu ya ndizi, hupandisha baiskeli kilimani, na damu yake, bila kumwuliza, imekwisha kujipangia namna ya kuishi na hewa hiyo haba. Walakini katika nchi hizo hizo wamo watoto ambao kwao uhaba wa hewa, hata ule mdogo utokeao ndani ya misuli iliyochoka au ndani ya mishipa wakati wa baridi na homa, ni jambo la maumivu makali na pengine la mauti. Habari yao, iliyofungamana na habari ya nchi zote zilizolizunguka Ziwa, ndiyo tunayokusudia kuisimulia hapa, pamoja na habari ya pili isiyojulikana sana, ya jinsi wataalamu walivyovumbua kwamba kila seli ya mwili inajua kadiri ya hewa iliyoipata, nayo haikai kimya inapopunjwa.

Maradhi ya watoto hao ni selimundu, ambayo watu wengi majumbani na zahanatini huyaita sikoseli. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya, hucheka, na kwa miezi ya awali hakuna dalili imtofautishayo na nduguze. Kisha, aghalabu baada ya kutimiza nusu mwaka, vidole vya mikono na miguu huvimba vikajaa na kung'aa, naye hulia kila aguswapo, hata mama huona taabu kumnawisha. Baadaye weupe wa macho hugeuka manjano, viganja hupauka, bandama hujaa ubavuni ikapapaswa kwa urahisi, na homa humrudia mara kwa mara. Zamani mtoto wa namna hii, akifa kabla ya kutimiza miaka mitano, hakuacha jina la ugonjwa nyuma yake: wengine walisema ni malaria, nao hawakukosea kabisa, kwa kuwa mara nyingi malaria ndiyo iliyommaliza, wengine walinong'ona habari za jicho la hasidi au za mizimu iliyosahauliwa, na mama aliyezika watoto wawili au watatu kwa mfululizo alitazamwa kwa shaka katika ukoo wa mumewe, ilhali maradhi yenyewe hayawezi kumpata mtoto isipokuwa ameyarithi kwa baba na kwa mama sawasawa.

Jina la maradhi lilipatikana mbali sana na Ziwa. Mwishoni mwa mwaka 1904 kijana mmoja wa kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea uganga wa meno mjini Chicago, aliingia hospitali akisumbuliwa na kifua na homa, na miguuni ana makovu ya vidonda vya siku nyingi. Tabibu chipukizi aliyempokea, Ernest Irons, alipolitia tone la damu yake chini ya hadubini, aliona, miongoni mwa chembe nyekundu za mviringo alizozizoea, chembe nyingine nyembamba, zilizopinda, zenye ncha mbili kama mundu. Mkuu wake, James Herrick, alimfuatilia mgonjwa huyo kwa muda wa miaka kadhaa, akaichapisha habari yake mwaka 1910, akikiri kwamba sababu yake hakuijua. Noel alihitimu, akarejea kwao, akafungua kazi yake, na mwaka 1916 akafa kwa maradhi ya mapafu angali kijana. Hakupata kujua kwamba makovu ya miguu yake na udhaifu wa mapafu yake vilitoka katika chanzo kimoja.

Kwa nini chembe zipinde? Jibu lilianza kudhihiri mwaka 1927, pale Vernon Hahn na Elizabeth Gillespie, katika jimbo la Indiana, walipoiweka damu ya mgonjwa ndani ya chombo kidogo wakawa wanaibadilishia hewa: walipoiondoa oksijeni, chembe zikapinda, walipoirudisha, nyingi zikarejea mviringo. Kipimo hicho hakijatoweka, na hata katika maabara ndogo ya hospitali ya wilaya fundi huweza kukifanya kwa njia nyepesi. Huchukua tone la damu juu ya kioo, akalichanganya na dawa inyonyayo oksijeni, akalifunika kwa kioo kingine chembamba, akaziba kingo zake hewa isipenye, kisha akasubiri. Na arudipo kuchungulia, huzikuta chembe zilizokuwa duara zimeanza kunyooka na kuchongoka, moja hapa, mbili pale, hata uwanja wote wa hadubini ukajaa ncha. Yatokeayo juu ya kioo hicho ndiyo yatokeayo ndani ya mwili wa mtoto wakati damu yake, baada ya kugawa oksijeni kwa viungo, inapopita katika mishipa midogo kabisa: chembe hukakamaa, hushikana, huziba njia, na nyama iliyo mbele ya kizuizi hukosa hewa zaidi, na kukosa huko huzidisha kupinda kwa chembe nyingine zijazo.

Mwaka 1949 ulikuja na maarifa mengi kwa mkupuo. Huko California Linus Pauling na wenzake waliipitisha himoglobini, yaani ile protini ibebayo oksijeni ndani ya chembe nyekundu, katika nguvu ya umeme, wakaona ya mgonjwa ikienda kwa mwendo tofauti na ya mzima, nao wakatangaza kwamba haya ni maradhi ya molekuli, jambo ambalo hapo kabla halikuwa limetamkwa kwa ugonjwa wowote. James Neel wa Marekani, na E. A. Beet aliyekuwa mganga katika Rhodesia ya Kaskazini, kila mmoja kwa njia yake, walibainisha kwamba airithiye hitilafu hiyo kwa mzazi mmoja huibeba tu bila kuugua, na airithiye kwa wazazi wote wawili ndiye auguaye. Kampala nayo haikuwa nyuma: Hermann Lehmann na A. B. Raper walizipima damu za makabila ya Uganda, wakastaajabu kuona kwamba miongoni mwa Wabaamba, waishio chini ya milima ya Ruwenzori, watu karibu 45 katika kila 100 ni wabebaji, ilhali makabila mengine ya nchi hiyo hiyo yana wabebaji wachache mno. Miaka minane baadaye, mwaka 1957, Vernon Ingram wa Cambridge alionyesha kwamba tofauti yote ile, pamoja na maumivu na misiba yake, yatokana na kipande kimoja tu cha protini kilichobadilishwa na kingine, mahali palipokuja kujulikana kuwa pa sita katika mnyororo wenye vipande 146.

Fumbo likabaki: ikiwa warithio pande mbili hufa kabla ya kuzaa, yawaje jeni iletayo maradhi haya isitoweke, bali izidi katika baadhi ya nchi hata kufika kwa karibu nusu ya watu? Aliyelifumbua ni Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika ya Kusini mwaka 1925, aliyelelewa Kenya katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949, angali mwanafunzi wa Oxford, alifuatana na msafara wa chuo chake uliokuja Mlima Kenya, naye akachukua fursa hiyo kukusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali. Akaona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa, na ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Mtoto aliyekulia Kenya hakuhitaji kufundishwa maana ya ramani ile, kwa kuwa ilikuwa ni ramani ya mbu. Alirudi mwaka 1953 kuthibitisha dhana yake. Katika watoto 290 aliowapima karibu na Kampala, wabebaji walikuwa 43, na miongoni mwao 12 tu walikutwa na vimelea vya malaria, yaani watu 28 katika 100. Bali katika wale 247 wasiobeba walikutwa navyo 113, karibu 46 katika 100. Kisha akafanya jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingaliliruhusu kwa namna lilivyofanywa: Wajaluo 30 waliojitolea, 15 wabebaji na 15 wasiobeba, waliambukizwa malaria kwa makusudi, katika wasiobeba 14 walishikwa, na katika wabebaji wawili tu. Habari hizo zilichapishwa London mwezi wa Februari 1954.

Musoma ndiko Allison alikoiona gharama ya kinga hiyo ikilipwa. Alipima watoto wachanga 287 na watu wazima 654 wa wilaya hiyo. Katika wachanga, wenye selimundu kamili walikuwa 9, yaani watatu katika kila 100; katika wazima walikuwa 5 tu, hata mmoja katika 100 hawakufika. Wabebaji nao, waliokuwa 31 katika kila 100 ya wachanga, walikuwa 38 katika kila 100 ya wazima. Asomaye tarakimu hizo kwa utulivu huona misafara miwili ya mazishi: mmoja wa watoto waliouawa na damu iliyopinda, na mwingine wa watoto wa damu ya kawaida waliouawa na malaria, na katikati yao wamesimama wabebaji, waliosalimika pande zote mbili. Hata sababu ya kusalimika kwao inaelekea hewa ile ile. Maana kimelea cha malaria hupenda kujificha katika mishipa midogo yenye oksijeni kidogo, na uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba, ndani ya chembe ya mbebaji, uhaba huo wa oksijeni humzuia kimelea asikue. Ndiyo maana selimundu imekita mizizi katika nchi ambazo malaria ilitawala, na Kagera ni mojawapo: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulikuta watoto wapatao wanne katika kila kumi wa mkoa huo wakiwa na vimelea.

Hapa inatubidi tuiache damu iliyopinda kwa muda, tufuate mkondo wa pili wa historia yetu, ambao ulianzia milimani Amerika ya Kusini. Yapata mwaka 1890 Mfaransa François Viault alipanda hadi Morococha, kijiji cha machimbo nchini Peru kilicho zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, na baada ya majuma yapatayo matatu alihesabu chembe nyekundu katika damu yake mwenyewe, akakuta zimeongezeka kutoka milioni 5 hadi kupita milioni 7 katika kila milimita ya ujazo. Nani aliyeuambia uloto wa mifupa uzidishe kazi? Mwaka 1906 Paul Carnot na Clotilde Deflandre, mjini Paris, walidai kwamba yupo mjumbe anayesafiri ndani ya damu. Wengi hawakuwasadiki kwa miongo mingi. Ilichukua subira ya ajabu kumkamata mjumbe huyo. Mjapani Takaji Miyake alikusanya mkojo wa wagonjwa ambao uloto wao umekufa na ambao mwili wao, kwa kukata tamaa, ulikuwa ukituma mjumbe kwa wingi usio na kifani. Akapata lita 2,550, akazikausha, akazipeleka Chicago kwa Eugene Goldwasser, na mwaka 1977 wakapata kutoka humo miligramu chache tu za dutu safi iitwayo erithropoetini. Ikafahamika pia kwamba hutengenezwa hasa na figo. Bali figo zajuaje kwamba hewa imepungua?

Swali hilo lilijibiwa na watu watatu waliofanya kazi mbalimbali wakakutana katikati ya njia. Gregg Semenza, katika chuo cha Johns Hopkins mjini Baltimore, aliigundua mwaka 1992 protini ambayo hujitokeza seli inapokosa oksijeni na kuiwasha jeni ya erithropoetini, akaiita HIF. Peter Ratcliffe, tabibu wa figo huko Oxford, alionyesha kwamba kipaji hicho cha kuhisi hewa si cha figo peke yake, bali kimo katika seli za kila namna, ziwe za ini, za misuli au za ngozi. William Kaelin, mjini Boston, alikuwa akichunguza maradhi mengine kabisa, yanayorithiwa katika koo chache na kuwaletea watu uvimbe wenye mishipa mingi ya damu. Naye akaona kwamba seli za uvimbe huo hutenda kama zilizokosa hewa hata zikiwa katika hewa tele. Mwaka 1999 na 2001 vipande hivyo viliunganishwa, na mwaka 2019 watatu hao wakatunukiwa Nishani ya Nobel ya tiba.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Na mpango wa seli, kwa hakika, ni mpango wa mbiu. Kila dakika seli humtengeneza mpiga mbiu wake, ile HIF, hata pasipo haja yoyote. Lakini maadamu oksijeni ipo ya kutosha, kuna vimeng'enya vinavyoichukua oksijeni hiyo hiyo na kumtia nayo alama, na mara atiwapo alama hukamatwa na protini nyingine na kuangamizwa, hata hadumu zaidi ya dakika chache. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi. Mpiga mbiu huponyoka, huingia katika kiini cha seli, na mbiu hulia. Hapo jeni kwa mamia huamka: moja huagiza chembe nyekundu zaidi kutoka katika uloto, nyingine huita mishipa mipya ya damu ichipue kuelekea mahali palipopungukiwa, nyingine huibadilisha seli ianze kuunguza sukari kwa njia isiyohitaji hewa. Hakuna amri ya ubongo wala ya moyo inayongojwa. Kila seli ni mlinzi wa mahali pake.

Kuponya kwa mwili kumesimama juu ya mbiu hiyo kwa kadiri ambayo watu wa kale hawakuidhania. Mkulima wa Biharamulo ajikataye kwa jembe hufikiri kwamba kidonda hufunga kwa sababu damu imekuja. Kumbe damu hurudi kwa sababu hewa ilitoweka. Mishipa iliyokatika huiacha nyama ya kati bila oksijeni, mbiu hulia, ishara za kuchipuza mishipa husambaa, na baada ya siku chache kidonda hujaa vile vijipunje vyekundu ambavyo kila muuguzi huvifurahia anapofungua bendeji, kwani kila kijipunje kina kitanzi cha mshipa mpya. Mfupa uliovunjika hufanya vivyo hivyo ndani ya donge la damu lililozunguka mvunjiko. Hata mimba huanza katika hewa haba, na kondo la nyuma hujenga mishipa yake kwa kuitikia uhaba huo. Kwa hiyo kila mmoja wetu aliwahi kuokolewa na mbiu kabla hajavuta pumzi ya kwanza.

Lakini jambo lililowekwa kwa heri laweza kutumiwa kwa shari. Mwaka 1955 huko Uingereza Thomlinson na Gray waliona kwamba uvimbe wa saratani, ukiota mbali na mshipa kwa masafa yasiyofika hata robo ya milimita, hukosa oksijeni na kufa katikati. Na seli zinazosalia kandokando ya kifo hicho, zenye hewa kidogo, haziuliki kwa urahisi na mionzi, kwa kuwa mionzi huhitaji oksijeni itimize kazi yake. Leo yajulikana kwamba seli hizo hupiga mbiu bila kukoma, na mishipa ichipuayo kwa ajili yake huilisha saratani. Kinyume chake, mgonjwa wa figo huishiwa damu kwa sababu figo zake hazipigi tena mbiu ipasavyo. Na tangu mwaka 2018, kuanzia China, vimeidhinishwa vidonge vinavyoizuia ile alama ya maangamizi ili mbiu ilie upya.

Sasa mikondo miwili ya historia yetu yakutana, na kukutana kwake ni katika mwili wa mtoto yule wa nchi za Ziwa. Chembe zake nyekundu, ambazo kwa mtu asiye na maradhi haya huishi siku 120, kwake huvunjika baada ya siku kumi au ishirini. Figo hupiga mbiu, uloto hukimbilia kazi hata mifupa ya fuvu ikapanuka, na bado damu haitoshi. Mishipa huziba na kuzibuka, na kila kuziba ni mbiu nyingine: katika macho mishipa dhaifu huchipua mahali isipotakiwa, kichwa cha mfupa wa paja, ambacho kina njia chache za damu, hufa mbiu ikingali inalia, na juu ya kifundo cha mguu hutokea vidonda visivyofunga kwa miezi na miaka, vile vile vilivyoacha makovu kwa Noel, kwa kuwa mishipa mipya inayoitwa huja na damu ile ile inayoiziba.

Ushahidi ulio bayana kuliko wote ulitoka mjini Houston mwaka 2011, katika maabara ya Yang Xia. Mwili ukosapo hewa hutoa dutu ndogo iitwayo adenosini, ambayo huziambia chembe nyekundu ziachie oksijeni yake kwa wepesi zaidi. Kwa mtu apandaye mlima, huu ni msaada mkubwa, na yamkini ndio mmojawapo wa misaada imfaayo mgeni wa pwani katika siku zake za mwanzo za kuishi nyanda za juu. Xia na wenzake walionyesha kwamba kwa mwenye selimundu adenosini iko juu kupita kiasi, na kwamba chembe inayoachia oksijeni kwa wepesi ndiyo ipindayo kwa wepesi. Ishara iliyowekwa imwokoe aliyekosa hewa humwongezea huyu ukosefu. Hapo ndipo ilipo siri ya maradhi haya: mwili wa mtoto haukosi bidii wala akili, bali kila bidii yake hupita katika damu isiyoweza kuitikia mbiu.

Njia ya tiba ilionekana mapema kuliko watu walivyodhani. Mwaka 1948 Janet Watson, tabibu wa watoto mjini New York, aliona kwamba chembe za wachanga wenye selimundu hupinda kwa nadra, akahisi kwamba inayowakinga ni himoglobini ya tumboni, ile ambayo mtoto hutumia kabla ya kuzaliwa na ambayo hufifia katika miezi ya mwanzo ya maisha; ndiyo sababu vidole havivimbi mpaka nusu mwaka ipite. Dawa iitwayo haidroksiyurea, iliyotumika kwanza kwa saratani za damu, ikaonekana kuiamsha upya himoglobini hiyo, na Marekani ikaikubali kwa wagonjwa wazima mwaka 1998. Wengi waliogopa kuwapa watoto wa Afrika, wakihofia kwamba itawadhoofisha mbele ya malaria na utapiamlo. Hofu hiyo iliondolewa na watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe ikapungua.

Si kila njia iliyofuata ilikuwa na heri. Dawa ya voxelotor, iliyobuniwa iishikilie oksijeni isiachiwe ili chembe zisipinde, ilipata idhini Marekani mwaka 2019, na mwezi wa Septemba 2024 kampuni ya Pfizer ikaiondoa duniani kote kwa sababu ya maumivu makali na vifo vilivyoonekana katika majaribio. Tiba ya kurekebisha jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, huweza kumponya mtu. Bali bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, fedha ambazo zahanati ya kijijini haitaziona katika maisha yake yote.

Kwa upande wa Tanzania, Muhimbili ilianza mwaka 2004, chini ya Julie Makani na wenzake, kuwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka, na daftari hilo limekuwa miongoni mwa makubwa duniani. Hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nchini kila mwaka na maradhi haya. Mwanza, hospitali ya Bugando ilitumia busara ya kuyarudia matone ya damu yaliyokwisha kukaushwa juu ya karatasi kwa ajili ya kupima Virusi vya Ukimwi kwa watoto wachanga wa kaskazini-magharibi. Katika sampuli 17,200, watoto 210 walikuwa na selimundu, yaani 12 katika kila 1,000, na 3,492, mmoja katika kila watano, walikuwa wabebaji. Dodoma nako, mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kuwapandikizia uloto watoto wenye maradhi haya. Miaka sabini imepita tangu hesabu ya Musoma, na kwa mara ya kwanza daktari wa nchi hii anaweza kutaja si ukubwa wa msiba tu, bali na dawa yake.

Hukumu yetu basi ni hii. Elimu ya selimundu, kwa sehemu kubwa, ilichotwa katika damu ya watu wa nchi za Ziwa: Wabaamba, Waganda, Wajaluo, na watoto wa Musoma ambao majina yao hayakuandikwa popote, na faida yake imewafikia wa mbali kabla ya wenyewe. Kuwalipa wenyewe haki yao hakungoji tiba ya mamilioni. Kunahitaji tone moja la damu lipimwe mtoto apelekwapo kliniki kwa chanjo za mwanzo. Penisilini kila siku hadi atimize miaka mitano, kwa kuwa bandama yake haitamlinda. Kinga ya malaria, maji ya kutosha, nguo za kutosha wakati wa baridi. Na haidroksiyurea itolewe karibu, isiwe dawa ya kufuatwa Mwanza. Wazazi wa Nyarubungo na wa kila kata ya Biharamulo na Ngara wadai kipimo hicho kama wanavyodai chanjo, na vijana wanaokusudia kuoana wajue hali ya damu zao kabla ya kupeana mahari; maana mtoto anayejulikana mapema ana matumaini ya kuishi hata naye akawa mzazi, na asiyejulikana huenda kule walikokwenda wale tisa wa Musoma.